Vita vya panzi, furaha ya kunguru: mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, 1979

#1 Dereva wa Semi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Niko North Carolina, Marekani, mvua haijakatika tangu jana, semi nimeipaki mpaka alfajiri, kwa hiyo leo natimiza ahadi ya kuwasimulia mbio za magari za huku. Kuna jamaa humu alinicheka kwamba sisi tulioko huku tumeharibika, tunakaa saa tatu kuangalia magari yanakata kona kushoto tu. Simlaumu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nasema hivyohivyo. Madereva wazee wa yadi yetu kila Jumatatu hawakuwa na stori nyingine, mimi nakunywa chai yangu pembeni najiuliza hawa wamelogwa na nani. Mpaka mmoja akanifungulia video kwenye simu, akasema tazama hii moja, isipokuingia sitakusumbua tena.

Hiyo moja ni Daytona 500 ya tarehe 18 Februari 1979. Vuteni viti, ni ndefu.

Tuanze na uwanja, maana bila uwanja hamtauelewa ugomvi. Daytona Beach iko Florida, pale barabara ya I-4 inapokutana na I-95. Zamani walikuwa wanashindana ufukweni kabisa, upande mmoja mchanga, upande mwingine lami. Bill France, mzee aliyeanzisha NASCAR, chama kinachoendesha mbio hizi, mwaka 1948, akaamua kujenga uwanja wake, ukafunguliwa 1959. Una umbo la yai lenye tumbo mbele, mzunguko mmoja ni maili 2.5, yaani kilometa nne na ushee, na kona zake zimeinuliwa nyuzi 31. Udongo wa kuinulia hizo kona ulichimbwa palepale katikati ya uwanja. Shimo likajaa maji, leo ni ziwa na lina jina, Lake Lloyd. Niliwahi kupita na kulipa kiingilio nitembezwe. Ukisimama chini ya kona ukatazama juu huoni barabara, unaona ukuta wa lami unaokaribia ghorofa tatu. Nikajiuliza gari linakaaje pale.

Mbio ni mizunguko 200, maili 500, kama kilometa 805. Chukulia umetoka Dar na Mbeya unaiona kwa mbali. Mshindi wa siku ile alitumia saa 3 na dakika 28, ukihesabu na muda wote wa kutambaa nyuma ya gari la kuongoza msafara kila bendera ya njano, ile ya tahadhari, ilipotoka. Magari yana sura ya gari la dukani: Oldsmobile, Buick, Ford, Chevrolet. Ndani ni kizimba cha mabomba ya chuma, kiti kimoja na injini ya V8. Milango haifunguki, dereva anaingilia dirishani kama mwizi.

Sasa siku yenyewe. Televisheni ya CBS walikuwa wameamua jambo ambalo halijawahi kufanyika: kurusha mbio nzima ya maili 500 moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho, nchi nzima. Asubuhi mvua ikanyesha Daytona, mizunguko ya mwanzo ikaenda kwa mwendo wa harusi ili magari yenyewe yaikaushe lami. Watu wa televisheni matumbo joto. Kumbe huko kaskazini mashariki dhoruba ya theluji imefunga barabara, mamilioni wamekwama majumbani, na runinga za wakati ule zilikuwa na stesheni za kuhesabu. Watu ambao hawajawahi kujali mbio za magari wakajikuta wanazitazama.

Wahusika ni hawa. Donnie Allison, gari namba 1. Kaka yake Bobby Allison, namba 15. Cale Yarborough, namba 11, bingwa wa misimu mitatu mfululizo, mtoto wa mashamba ya South Carolina mwenye mabega ya dume la ng'ombe. Na Richard Petty, namba 43, mfalme wao, ambaye wakati huo ufalme ulikuwa unamtoka: mbio 45 bila ushindi, na miezi michache nyuma alikatwa sehemu ya tumbo kwa vidonda. Madaktari walimtaka apumzike. Akaja.

Mapema tu, mizunguko 30 na kitu, Donnie, Bobby na Cale wanagusana kwenye mnyooko wa nyuma, wote wanaserereka hadi kwenye majani, na majani yameloa. Tope. Cale akapoteza mizunguko mitatu, Donnie mmoja. Hapo unasema basi, wamekwisha. Lakini sheria za wakati ule ziliruhusu, bendera ya njano ikitoka, watu waendelee kukimbizana mpaka mstarini. Ukimwahi kinara kwenye mstari, umerudisha mzunguko wako mmoja. Cale akavizia, akarudisha mmoja, wa pili, wa tatu. Hicho ndicho kipande ambacho watu hawakisimulii, wanarukia ngumi. Mimi nasema yule mtu alishinda mbio tatu kabla ya kushindwa ile moja.

Mizunguko ya mwisho wamebaki wawili mbele, Donnie na Cale nyuma yake. Waliobaki, Petty, Darrell Waltrip na A.J. Foyt, wako nusu uwanja nyuma, wanagombea nafasi ya tatu.

Bendera nyeupe: umebaki mmoja. Mnyooko wa nyuma, Cale anatoka nyuma ya Donnie, anashuka chini kushoto ampite. Donnie naye anashuka kumbania. Cale hakupunguza. Akatanua, tairi za kushoto ziko kwenye majani yale yale ya tope. Wakagongana ubavu, wakaachana, wakagongana tena, wakaachana, mara ya tatu wakang'ang'aniana kama kupe na ng'ombe, wakapanda wote mpaka ukutani kona ya tatu, kisha wakateremka taratibu mpaka majanini, moshi, kimya.

Petty anapita. Waltrip nyuma yake anajaribu kila njia, Petty anaziba, wanavuka mstari wakiachana urefu wa gari moja. Ushindi wake wa sita wa Daytona 500.

Kamera zinamfuata Petty anasherehekea, halafu mtangazaji Ken Squier anaona kitu kule kona ya tatu. Kuna watu wanapigana. Bobby Allison alikuwa amesimamisha gari kumuuliza mdogo wake kama anataka lifti. Cale akaja na maneno yake, kwamba Bobby naye alihusika. Kofia ya dereva ikarushwa, mguu ukashikwa hewani, na nchi nzima iliyofungiwa na theluji inatazama. Miaka yote Bobby akiulizwa alijibu kwamba yeye hakumpiga mtu, Cale ndiye aliyekuwa anaipiga ngumi yake kwa pua.

Nimemaliza. Karibuni.

#2 Kobe Mbio

Mkuu umesimulia vizuri, ila bado sijashawishika. Kona zimeinuliwa, barabara pana, hakuna bodaboda, hakuna ng'ombe, hakuna trafiki. Si unakanyaga mafuta mpaka mwisho unasubiri? Kwetu pwani tulikuwa na ngamia wa kinu cha ufuta, naye alizunguka siku nzima. Hakupewa kombe.

#3 Fundi Spana

😂 ngamia wa kinu. Kobe, wewe ni wa kusamehewa tu.

Mimi ni fundi, nitajibu kifundi. Kwanza gari lile halijatengenezwa kwenda mbele, limetengenezwa kwenda kushoto. Tairi za kulia zina mzingo mkubwa kuliko za kushoto. Unataka ushahidi? Chukua kikombe cha plastiki chenye mdomo mpana na kitako chembamba. Kilaze mezani, kisukume kiviringike. Hakiendi moja kwa moja, kinakata kuelekea upande wa kitako. Ndiyo gari lenyewe. Kwenye mnyooko dereva anashika usukani kulizuia lisiende kushoto, kwenye kona analiachia.

Pili, springi nne na kila moja ina ugumu wake. Fundi akikaza kona moja ya gari, uzito unahama kwa mshazari, tabia yote inabadilika. Na tabia hiyo inaendelea kubadilika kadiri mafuta yanavyopungua kwenye tangi na tairi zinavyolika. Gari ulilopewa mzunguko wa 10 siyo gari utakalokuwa nalo mzunguko wa 60. Wewe hata Noah yako ikipiga kelele kidogo unaniletea na machozi.

#4 Dereva wa Semi

Fundi nakushukuru. Niongeze la upepo, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipokamatwa.

Kila aliyeendesha gari dogo nyuma ya basi la mikoani analijua hili. Ukilisogelea unasikia gari lako limekuwa jepesi, mafuta unapunguza lakini unavutwa. Basi linapasua hewa, wewe unapita kwenye tundu. Mwenye baiskeli nyuma ya lori la mkaa anajua zaidi. Pale Daytona mchezo wote ni huo. Magari mawili yakifuatana kwa karibu yanakwenda kasi kuliko moja peke yake, na hata la mbele linafaidika, maana la nyuma linamwondolea ule mvuto wa hewa unaomrudisha. Kwa hiyo hata ukiwa na gari bora kuliko yote, peke yako unachakazwa na magari mawili mabovu yaliyopatana.

Sasa ona uchungu wake. Mtu anayekusukuma uende ndiye atakayekupita. Anabaki nyuma yako anakula upepo wa bure, mzunguko wa mwisho anachomoka na nguvu aliyoitunza. Ndiyo maana Donnie, aliyekuwa kinara, ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Kila mtu uwanjani alijua Cale anasubiri nini.

Na aliyesifiwa kuligundua hilo ni nani? Junior Johnson, Daytona 500 ya 1960. Chevrolet yake ilikuwa nzito kwa mwendo, Pontiac zinamwacha. Kwenye mazoezi akaona akijibandika nyuma ya Pontiac anakwenda nayo sawasawa. Siku ya mbio akajibandika, akajibandika, mwishoni kinara Bobby Johns kioo chake cha nyuma kikang'oka kwa upepo, gari likazunguka, Junior akapita akachukua. Na kabla ya hapo Junior alikuwa nani? Msafirisha gongo. Familia yao ilipika gongo milimani hapa hapa North Carolina. Magari ya kawaida kwa nje, injini za moto ndani, usiku, taa zimezimwa, polisi wa ushuru nyuma. Hawakumkamata barabarani hata siku moja. Walimkamata 1956 kwenye mtambo wa baba yake, akafungwa miezi 11. Rais Reagan akamsamehe mwaka 1986.

Mwaka 1979 gari namba 11 la Cale lilikuwa la nani? La Junior Johnson.

#5 Mzee Kibuyu

Nimesoma kimya. Februari 1979 naikumbuka vizuri, ila siyo kwa magari. Sisi masikio yalikuwa redioni, RTD, vijana wetu wako ndani ya Uganda wanaelekea Masaka. Televisheni bara haikuwepo kabisa, Zanzibar ndiko walikuwa nayo. Na mafuta ya petroli yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mngetuambia kuna watu wanachoma mafuta wakizunguka palepale tungewaombea dua.

Endeleeni wanangu.

#6 Dereva wa Semi

Shikamoo mzee. Baraka zako nimezipokea.

#7 Kijana wa Naivasha

Sasa wandugu, kwa heshima zote. Mwaka huo huo 1979 Shekhar Mehta alishinda Safari Rally na Datsun, akashinda tena 1980, 81 na 82. Ukiongeza ile ya 1973 ni tano. Tope ya ukweli, si tope ya kando ya lami. Punda milia, mto umefurika, daraja halipo, na wewe na navigeta wako mnasukuma. Tangu 2021 dunia imerudi huku kwetu Naivasha, na kila mwaka tunaona magari ya mabilioni yakimezwa na mchanga. Hiyo yenu ni barabara ya lami bila hata bampu moja.

#8 Dereva wa Semi

Mkuu wa Naivasha, Safari siigusi, nina adabu. Ila linganisha kitu kimoja. Kwenye rali mnaachiliwa mmoja mmoja, adui yako ni saa na barabara. Mwenzako huenda usimwone siku nzima. Huku mko arobaini mnaona weupe wa macho, bampa kwa bampa, kilometa 300 kwa saa, saa tatu na nusu. Hukosi daraja, unakosa rafiki. Ni ufundi mwingine.

#9 Chaki Nyeupe

Naomba dakika ya hesabu, maana Kobe kasema "si unakanyaga tu".

Kona za Daytona zina nusukipenyo ya futi 1,000, yaani mita 305. Mwinamo nyuzi 31. Zidisha mvutano wa dunia kwa nusukipenyo kwa tanjenti ya 31, tafuta kipeuo cha pili, unapata mita 42 hivi kwa sekunde. Hiyo ni kilometa kama 153 kwa saa. Kwa mwendo huo kona yenyewe inakugeuza, hata lami ikipakwa sabuni. Pungua hapo, gari linataka kuteleza kwenda chini. Zidi hapo, linataka kupanda ukutani.

Sasa Buddy Baker aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye kufuzu 1979 alizunguka kwa wastani wa maili 196 kwa saa, kilometa 315. Kwa mwendo wa 300 tu, nguvu ya kugeuza gari ni zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Mwinamo unabeba sehemu, tairi nne zinabeba iliyobaki, na kila tairi inagusa lami kwa eneo dogo tu. Mikono ya dereva, shingo na mbavu zinabeba hesabu hiyo mara mbili kila mzunguko, mara 200. Wanafunzi wangu wanapenda sana swali hili, wakishalikosa.

#10 Kobe Mbio

Mwalimu umenitoa jasho. Haya, nakubali wana kazi. Turudi kwenye ugomvi. Nimetazama hiyo video mara mbili. Kosa la nani?

#11 Shangazi Tatu

La Donnie! Mimi nimeitazama mara nne, mume wangu anauliza chakula kiko wapi. Cale alishaingiza pua, ameshafika usawa wa tairi la nyuma la mwenzake, ndipo Donnie akateremka. Huwezi kumfungia mtu mlango akiwa ameshaingiza mguu.

Na huyo Bobby kilimsimamisha nini? Mbio zimeisha, nenda nyumbani kaka.

#12 Fundi Spana

Shangazi, napinga. Kinara ana haki ya kuchagua mstari wake. Barabara ya juu ilikuwa wazi, Cale angepita nje. Alichagua chini kwa sababu ni njia fupi, akakuta imefungwa, badala ya kunyanyua mguu akaamua kutanua. Dereva wa daladala akifanya hivyo tunamtukana, Cale mnamwita shujaa.

#13 Shangazi Tatu

Nje kwa mzunguko wa mwisho? Na upepo wote ule? Fundi wewe kaza boliti zako tu.

#14 Dereva wa Semi

😂 Miaka yote hii na bado. Hapa yadi kwetu wapo wazee wawili waliogawanyika hivyohivyo, hawakai meza moja.

Mimi nitawapa nilivyoona. Wote wawili walifanya hesabu sahihi. Donnie asingembania angepitwa. Cale asingejaza mwanya angebaki wa pili. Hakuna hata mmoja aliyemuwaza Petty, maana Petty hakuwepo kwenye hesabu. NASCAR yenyewe iliwapiga faini wote watatu, Bobby pia, dola 6,000 kila mtu. Na kwenye matokeo, kwa sababu ni magari matano tu yaliyokuwa mzunguko mmoja na kinara, Donnie aliandikwa wa nne na Cale wa tano, magari yao yakiwa yamelala majanini. Foyt wa tatu. Foyt alikuwa mtu wa mbio za Indianapolis, kule taa ya njano ikiwaka unatulia ulipo. Akatulia, Waltrip akampita.

Halafu kuna deni la 1976 ambalo bila hilo Petty anaonekana ameokota tu. Miaka mitatu kabla, mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, Petty na David Pearson wanagongana wakiwa wa kwanza na wa pili. Petty anaserereka mpaka majanini, mita chache tu kabla ya mstari, injini imezima, haiwaki. Pearson naye gari limepondeka, lakini alikumbuka kukanyaga klachi wakati anazunguka, injini haikuzima. Akatambaa, mwendo wa mkokoteni, akampita Petty aliyekaa pale anapiga starta, akavuka. Kwa hiyo 1979 mtu huyu alijua pande zote mbili za hiyo sarafu.

Cale alikuja kushinda tena Daytona 500, 1983 na 1984. Bobby naye. Donnie hakuwahi kushinda hata moja.

#15 Msomaji Kimya

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Swali ambalo naona kila mtu analizunguka: watu weusi wako wapi kwenye huu mchezo?

#16 Dereva wa Semi

Karibu sana. Nilikuwa nalisubiri, na nilikuwa nalikwepa.

Wapo wachache, na wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu aliibiwa sherehe yake. Wendell Scott, wa Danville, Virginia. Fundi mwenyewe, dereva mwenyewe, gari la kuungaunga, na ndiyo, naye aliwahi kubeba gongo. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, uwanja wa vumbi. Scott anapita mstari, bendera ya miraba, ile ya kumaliza, haishuki. Anazunguka tena, haishuki. Wakampungia Buck Baker, wakampa kombe, akapigwa picha. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wameondoka, wakakiri kwamba Scott alikuwa mbele kwa mizunguko miwili. Hela akapewa, kombe lile hakuliona. Alikufa 1990. Familia ilikabidhiwa kombe na NASCAR mwaka 2021.

Mwaka huo huo wa 2021, tarehe 4 Oktoba, Bubba Wallace akashinda uwanja wa Talladega, mtu mweusi wa pili katika daraja hilo. Miaka 58 katikati. Timu yake mmoja wa wenye mali ni Michael Jordan, yule yule wa kikapu. Watu walisema mvua ndiyo iliyompa kwa kuwa mbio zilikatishwa, basi akashinda tena Kansas 2022, na Indianapolis 2025.

Mimi nikienda uwanjani navaa kofia yake. Sijawahi kufanyiwa ubaya. Nimewahi kutazamwa, hilo siwezi kulikataa, halafu jamaa aliyekuwa ananitazama akanikaribisha nyama choma yake. Ndivyo kulivyo, pande zote mbili kwa siku moja.

#17 Msomaji Kimya

Asante. Nitaanza na huyo Scott.

#18 Kobe Mbio

Na vifo? Maana kilometa 300 na ukuta wa zege...

#19 Dereva wa Semi

Tarehe 18 Februari. Tazama tena tarehe ya juu kabisa ya uzi. Miaka 22 baadaye, tarehe ile ile, 2001, Daytona ile ile, mzunguko wa mwisho. Dale Earnhardt, ambaye 1979 ndiyo alikuwa anaanza, alikimbia Daytona 500 yake ya kwanza siku ya ngumi akamaliza wa nane. 2001 alikuwa wa tatu, mbele yake Michael Waltrip na mwanawe mwenyewe, Dale mdogo, wote wakiendesha magari ya timu yake. Kona ya nne akaguswa, akapanda ukutani. Ukitazama haionekani mbaya. Gari halikupinduka, halikuwaka. Alifariki.

Michael Waltrip alishinda mbio yake ya kwanza baada ya kushiriki mara 462 bila kushinda. Kaka yake Darrell, wa pili wa 1979, alikuwa kibanda cha utangazaji anamshangilia kwa sauti ya kulia, halafu ghafla anauliza Dale yuko salama?

Fuvu kuvunjika kitakoni, pale linapokutana na shingo, ndiko kulikomuua, kichwa kinatupwa mbele mwili umefungwa. Oktoba mwaka huo wakalazimisha ile kola ngumu ya mabegani inayofungwa kwenye kofia, na kuta zikaanza kuvishwa mabomba ya chuma na sponji ngumu nyuma yake. Tangu siku ile hajafa dereva mwingine kwenye mbio za daraja la juu. Mwaka 2020 Ryan Newman alipinduka Daytona akagongwa juu akiwa kichwa chini. Siku mbili baadaye alitoka hospitali kwa miguu ameshikwa mikono na binti zake.

#20 Fundi Spana

Na mwendo walishaubana kabla ya hapo. 1987 Talladega, Bill Elliott alifuzu kwa maili 212.8 kwa saa, kilometa 342. Mbio zenyewe, tairi la Bobby Allison likapasuka, gari likanyanyuka likachana uzio wa mbele ya mashabiki. Mwaka uliofuata wakaweka bamba lenye matundu chini ya karbureta, injini inavuta pumzi kwa mrija. Na hapo ndipo upepo wa kufuatana ukawa kila kitu, maana injini zote zimekuwa sawa, hakuna anayeweza kumkimbia mwenzake.

#21 Shangazi Tatu

Huyo Bobby nimemsoma usiku kucha, nimesamehe kule kusimama kwake. Daytona 500 ya 1988, yenye hilo bamba, alishinda akiwa na miaka 50. Wa pili nani? Mwanawe, Davey. Baba na mtoto, bampa kwa bampa. Miezi minne baadaye akapata ajali uwanja wa Pocono, kichwa kikaumia. Akapona, lakini siku ile ya Daytona ilifutika. Anaonyeshwa video, anaona ni yeye, hakumbuki. Davey akafa 1993 kwa helikopta.

Ngumi za 1979 alizikumbuka vizuri tu mpaka alipofariki 2024.

#22 Mzee Kibuyu

Poleni. Hilo limenigusa.

#23 Kijana wa Naivasha

Nimenyamaza. Msimu ukianza nitatazama moja, moja tu. Mkuu utaniambia nimshike nani.

#24 Dereva wa Semi

Usimshike mtu. Chagua magari mawili yanayofuatana, uyaangalie hayo tu mpaka uone nani anamtumia mwenzake. Mimi naondoka saa kumi alfajiri na mzigo wa Georgia, nikirudi nitajibu zaidi.

#25 Kobe Mbio

Fundi, nimechukua kikombe cha plastiki, nimekilaza mezani, nimesukuma. Kinakata kulia. Watoto wananicheka.

#26 Fundi Spana

Umeweka mdomo kushoto. Kigeuze.